Salamu za Kifudifudi

Siku hiyo nililala na dukuduku moyoni. Asubuhi daktari alinifungua bendeji akarudia yale yale: pazia la ndani ya jicho langu la kulia, lililokuwa limebanduka, amelirudisha mahali pake, na ametia povu la hewa lilikandamize mpaka lishike. "Lala kifudifudi, Bi Mwanaidi. Ukiinua uso povu litahama, na jicho tunaweza kulipoteza." Sawa. Lakini mchana mume wangu Shomari akaniambia mama yake yuko njiani kutoka Korogwe kuja kunijulia hali. Mama mkwe wangu! Nimpokee kwa kisogo? Tangu niolewe sijawahi kumwamkia bila kupiga goti. Nikalia, paji la uso juu ya taulo ukingoni mwa kitanda, macho yakitazama sakafu, na usingizi ukanichukua humo humo kwenye machozi.

Nikajiona katika nchi isiyo na jua, ambayo mwanga wake wote ulitoka kwenye kitambaa kimoja chepesi kilichobandikwa ukutani, bado kibichi, na juu yake zimo sura za watu wangu wote. Kando yake aliketi mwanamke amekikandamiza kwa kiganja, jasho likimtiririka, mkono hausogei. Nikamuuliza anafanya nini. "Nashikilia," akasema. "Mimi Subira. Gundi haijakauka." Mara akaingia mwanamke mwingine, ananukia udi, kajitanda vizuri, nami nikamtambua kuwa ni Haya, yule aliyenilea tangu utoto. "Inuka, mwanangu! Mkweo yuko mlangoni. Watu watasema huna adabu." Nikainua kichwa. Hapo hapo pembe ya kitambaa ikabanduka, giza likaanza kuingia, sura ya Shomari ikakunjamana, na ya mama yake ikafuata. Nikapiga kelele kwa hofu. Subira akanishika kisogo taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, akaniinamisha tena. "Huyu Haya ni dada yangu, simfukuzi," akasema, "lakini leo kakosea mlango. Wewe tazama chini. Salamu mwachie Upendo, yeye ana miguu." Nikauliza huyo Upendo yuko wapi. Nikasikia hatua zikija polepole, mguu mmoja ukiburutwa.

Nikazinduka, na hatua zilikuwa bado zinakuja. Zikasimama mbele yangu: viatu vya plastiki, vumbi la safari, na ule mguu wenye goti bovu. Shingo ikanicheza kutaka kuinuka.

"Wee! Tulia hapo hapo," mama mkwe akasema.

Akatandaza khanga yake sakafuni, na kwa kuguna na kumwita Mungu akajilaza chali chini ya uso wangu. Ndipo nikajua ni nani niliyemsikia ndotoni. Jicho langu zima lilimwona vizuri, anacheka. Na lile la kulia, ndani ya ukungu, likaona weupe wa mtandio wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Machozi yangu yakamdondokea shavuni, asiyafute.

"Shomari," akaita, "hebu niletee mto. Sisi hapa tuna mazungumzo."