Nane Haiingii Kwenye Mizani

Dada alisimama nyuma ya kiti cha mdogo wake mgawa karata, mikono mgongoni, kama asimamavyo kila msimamizi wa meza pale kasino. Roho ilikuwa mkononi. Malenga, ndivyo walivyomwita mdogo huyo kazini kwa kupenda kutunga mashairi, alikuwa bado kwenye majaribio, na meneja alikwishatamka: ukikosea tena, funga virago. Dada ndiye aliyemwombea kazi hiyo.

Mchana huo mezani kulikuwa na mteja mmoja tu, mzee mshona suti. Aliweka dau lake upande wa Mchezaji, si wa Benki.

"Gawa, mwanangu. Mimi nakata vitambaa, wewe usinikate maini."

Malenga akacheka, akagawa. Anayekaribia tisa ndiye mshindi. Mchezaji alipata tano kwa karata mbili. Kwa sheria, tano huongezwa karata ya tatu. Ikaja nane. Kumi na tatu, na kumi huwa haihesabiki: tatu. Benki nayo ilikuwa na tatu. Sare. Mzee arudishiwe dau lake.

Malenga akaivutia Benki karata. Tano. Benki ikawa na nane, ikashinda.

Dada aliitazama tena ile nane. Benki yenye tatu huongezwa karata, Mchezaji avute karata yoyote, isipokuwa nane. Nane peke yake. Malenga alikuwa amezigeuza sheria zote kuwa beti ili azishike, akamwimbia jikoni huku wakimenya viazi:

*Tatu ya Benki huvuta, haibagui karata.*

"Na nane je?" Dada alimwuliza siku ile.

"Nane haiingii kwenye mizani, dada'angu. Hiyo nitaiweka kichwani."

Naye Dada akacheka, akamsifu.

"Haya, leo nimeamka vibaya," mzee alisema, akisukuma kiti ainuke. Hakuwa na habari. Malenga naye hakuwa na habari; alikuwa anatabasamu. Meneja alikuwa mlangoni, anaongea na simu. Kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kumeza mate.

"Simamisha meza," Dada alisema. Akaigusa ile nane kwa kidole.

Malenga aliitazama nane, akaitazama tatu. Midomo ilimcheza, kama anayehesabu mizani. Kisha akanywea.

"Msamehe mtoto, mama," mzee alisema. "Mimi mwenyewe sikuona."

"Ndiyo maana nimesema, baba."

Meneja alikuja simu ikiwa bado sikioni. Hakuuliza mengi. Alimwonyesha Malenga mlango kwa kidole.

Malenga alivua kizibao cha kazi, akamkabidhi dada yake. "Si ungekohoa tu," alinong'ona. "Ningeelewa."

Dada alikitundika kizibao mgongoni mwa kiti. Alimrudishia mzee dau, akakaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto. Kwa sheria, karata iliyovutwa kimakosa haitupwi. Ndiyo inayofungua mchezo unaofuata. Aliichukua ile tano, akaisogeza upande wa Mchezaji, akangoja dau.

Mzee alikuwa anavaa koti.