Safari Aliyoapa Kutoisikia

Bi Kheiria alipoapa, mumewe alikuwa hata hajaweka sanduku chini. Hiyo ilikuwa Unguja, miaka miwili kabla hawajakimbilia Maskati, na Bwana Marhoon ndiyo kwanza anarudi kutoka Ulaya, amenenepa, kamera inaning'inia shingoni.

"Wallahi," alimwambia pale pale mlangoni, "sitosikia neno moja la Ulaya kinywani mwako."

Kisha akaingia jikoni kumpashia chai, maana mume ni mume hata kama umemkasirikia.

Safari ile ilikuwa yao wawili. Marhoon, mwalimu wa jiografia, alikuwa amechoka kuwafundisha watoto wa watu miji ambayo yeye mwenyewe hajaitia machoni, akakata tiketi mbili za meli ya kwenda Venisi. Kumbe siku ya kuondoka meli imeangukia katikati ya fungate ya mpwa wa Kheiria, na Kheiria ndiye somo, kungwi wa bibi harusi. Somo hamwachi mwari wake ndani ya fungate akaenda zake kutembea. Watu wangemsema mpaka kiama. Akamwambia mumewe wangoje meli nyingine. Marhoon akajibu kwamba likizo haingoji. Kheiria akajua anatisha tu, kwani tangu waoane mtu huyu hakuwahi kwenda hata Pemba bila yeye. Akampangia nguo sandukuni kwa mikono yake mwenyewe, huku akingoja kusikia kwamba hendi. Marhoon akaenda.

Mwanamke mwengine angelinuna mwezi mmoja, yakaisha. Kheiria alikuwa na kichwa kigumu, na Marhoon, kwa balaa, alikuwa mcha Mungu: kiapo cha mkewe alikiheshimu kama chake. Picha alizopiga alizifungia kabatini. Mapinduzi yalipokuja, kabati likabaki na nyumba, wao wakatoka na nguo za mwilini. Huku Maskati, ambako lango la mji lilifungwa usiku na ruhusa ya kutoka nchini haikupatikana, Kheiria alijiambia kwamba habari za kutembea hazina faida tena. Uongo mtupu. Mara nyingi, wakinywa kahawa, alimwona mumewe anatabasamu peke yake, akajua yuko wapi, na ulimi ukamwasha kumuuliza. Kiburi kikamzuia. Kuvunja kiapo kunataka kafara, kulisha masikini kumi, na majirani wangetaka kujua kaapa nini.

Mwaka wa sabini, utawala ulipobadilika na milango ikafunguka, mtoto wao Aflah akaja kutoka Kuwait na furaha tele. Sasa watu wanasafiri, akasema. Atawachukua wazee wake wote wawili mpaka Roma. Kisha akamsikia babake akimuuliza mama kijana huyu ni nani.

Maradhi yalianza baada ya homa kali ya mwaka uliopita. Kwanza yalikwenda majina ya watu, kisha njia ya msikitini. Kila kilichokwenda hakikurudi. Kheiria akaona kwamba na Ulaya nayo itakwenda, na safari ile haipo tena popote duniani isipokuwa kichwani mwa mzee yule.

Asubuhi yake hakuona haya. Alipika wali na nguru, Aflah akaenda Matrah kuwakusanya masikini, wakalishwa uani mpaka wakashiba. Jirani yake Masouda alipouliza sadaka hii ya nini, Kheiria alimjibu wazi.

"Kafara. Nliapa ujinga."

Baada ya alasiri, masikini walipoondoka, akakaa kitako mbele ya mumewe, akammiminia kahawa.

"Baba Aflah, nihadithie Ulaya."

Uso wa Marhoon ukakunjuka. Akasimulia Venisi, mji ambao njia zake ni maji, mtu hutoka mlangoni akaingia mashuani. Akasimulia jumba la muziki la Vienna, fidla chungu nzima zikipigwa pamoja na ukumbi umetulia kama msikiti. Akasimulia chemchemi za Roma, ambamo watu wazima na akili zao hutupa pesa. Kheiria alicheka na kulia kwa pamoja, hakudhani kama angebakishiwa vyote hivi.

"Na wewe pale Venisi," akasema Marhoon, "ulivoiogopa mashua ile. Ukanshika mkono mpaka ukaniuma."

Kheiria akaweka kikombe chini. "Mimi?"

"Nani mwengine? Na Vienna ukasinzia, hapa begani kwangu. Nkaona vibaya kukuamsha." Halafu akamkazia macho, ameingiwa na wasiwasi wa mtu aliyezoea kukosolewa. "Au si wewe?"

Miaka minane Marhoon hakuwa na wa kumhadithia. Huenda alijihadithia mwenyewe, na kila alipopita akamweka mkewe ubavuni. Huenda ni maradhi tu. Kheiria hakuweza kujua, na hapakuwa na mwengine wa kumuuliza. Aflah alifungua kinywa kumsahihisha babake. Mama akamkata jicho. Safari aliyoitaka, ile ya kweli, ilikuwa imekwisha kwenda, na yeye ndiye aliyeifukuza mlangoni.

Masikini wake walikuwa hata hawajafika Matrah, naye kashaanza kusema uongo.

"Ni mimi," akasema. "Nliogopa sana. Haya, tuliposhuka mashuani, tukenda wapi?"