Kibodi ya Mzee Simioni

Tangu kiharusi kimpige, Mzee Simioni hakutulia mahali. Mguu wa kulia aliuburuza, mkono wa kulia ulining'inia tu, na ulimi ulikataa kabisa. Lakini akishamaliza uji wa asubuhi, humpati tena. Mara yuko zizini, mara jikoni kwa mkewe Kezia, mara ameegemea fimbo getini anaitazama barabara. Unamrudisha kwenye kiti, ukigeuka hayupo.

Kitu kimoja tu kiliweza kumkalisha: kompyuta ya sebuleni. Kabla ya kustaafu alikuwa mpiga chapa mjini Tarime, na alipoondoka kazini kurudi kwake Nyangoto alirudi na kibodi yake. Ilikuwa nene na nzito, vibonye vyake virefu, herufi zote zimefutika kwa kuguswa. Vidole vyake havikuhitaji kuziona. Kwa mkono wa kushoto, taratibu, alichapa alichotaka kusema: CHUMVI IMEZIDI. Au: NANI KAACHA ZIZI WAZI.

Kezia macho yalikuwa na ukungu, hivyo aliyesoma kwenye kioo ni binti yao Gati, fundi simu wa pale senta. Tabu ni kwamba maneno ya mzee yalibaki sebuleni. Waya wa kibodi haukufika hata mlangoni. Wageni wakikaa uani, mazungumzo yalimpita. Walimuuliza Gati, "Mzee anasemaje?" Mwanzoni Gati alikimbia ndani, akamsubiri baba yake achape, akarudi na jibu. Baadaye alianza kujibu palepale alipo.

Jambo lililowagawa mwaka huo lilikuwa shamba la chini. Ryoba, kaka yake Gati, alitaka kuchimba dhahabu pale na wenzake. Gati hakutaka. Bibi yao amezikwa kwenye shamba hilo, na mtu waliyesoma naye alifukiwa na shimo kule Nyakunguru, akatolewa amekufa. Kila mmoja alisema mzee yuko upande wake. Mwishowe Nyangwine, mdogo wake Simioni, akaitisha kikao cha ukoo kwake, Jumamosi.

"Kaka atakuwepo," Nyangwine alisema alipokuja kutoa taarifa. "Tutamuuliza, atatikisa kichwa. Ndiyo au hapana, inatosha."

Mzee Simioni alisikia. Aliingia ndani akichechemea kwa haraka, wakasikia vibonye vikilia. Gati alipomfuata, alikuta maneno matatu tu kwenye kioo: MIMI SI MJUSI.

Gati hakupata raha tena. Ile simu yake ya kazi iliweza kusoma maandishi kwa sauti, kwa Kiswahili. Ingetosha kumsemea baba yake popote. Lakini angeandikaje? Kioo cha simu kilimshinda, kidole kilitetemeka kikagusa herufi tatu kwa pamoja. Gati alishawahi kumnunulia kibodi isiyo na waya, ile nyembamba ya kisasa. Mzee aliipapasa, ikamponyoka mkononi, akaisukuma pembeni kama mboga iliyochacha. Alitaka yake. Basi ni ile ile ya zamani iliyopaswa kukatwa waya.

Kwa kazi hiyo alihitaji kibao kidogo cha umeme, cha kuchukua herufi kutoka kwenye kibodi na kuzirusha hewani mpaka kwenye simu. Owuor, fundi mwenzake wa Sirari, alikiagiza Nairobi. Gati alimpigia mpaka Owuor akachoka.

"Gati, si nimekuambia mzigo haujafika? Wacha kunisumbua, dada. Ukifika utaona simu yangu."

Ulifika Ijumaa asubuhi. Gati hakufungua kibanda siku hiyo. Alikaa kwenye kiti cha baba yake sebuleni, akaigeuza kibodi, akafungua skrubu. Aliposhika mkasi kuukata waya, baba yake akamkamata kiganja. Mkono ule wa kushoto ulikuwa na nguvu za mikono miwili.

"Tata, nikikosea nitauunga tena. Nakuahidi."

Mzee alimwachia. Akatoka, akarudi, akatoka tena. Fimbo ililia uani, ikalia mlangoni, ikalia nyuma ya nyumba.

Ndani ya waya mkubwa mlikuwa na nyaya nne nyembamba. Gati alizichuna moja moja, akazichomelea kwenye kibao kwa risasi iliyoyeyushwa. Akafunga betri ya simu kuukuu. Taa ya kibodi iliwaka, ikafifia, ikazima. Akajaribu betri nyingine, ikawa vilevile. Alizunguka meza na jasho likimtoka, mpaka alipokumbuka kwamba kibodi ile ilizoea umeme mkubwa kuliko wa betri ya simu. Akavunja pawabenki yake mwenyewe, akatumia matumbo yake. Taa ikawaka, ikabaki.

Simu ikaiona kibodi. Gati alibonyeza S, ikaja namba. Akabonyeza A, ikaja alama ya mshangao. Alitamani kulia. Akaufungua mfuniko tena, akapitia maungio yote kwa kucha, akakuta waya mmoja umegusa risasi juujuu tu, haukushika. Alipouchomelea upya alisikia pumzi ya baba yake shingoni. Alikuwa amesimama nyuma yake, haijulikani tangu lini.

Mzee aliinama, akachapa akiwa amesimama. Simu ikasema kwa sauti ya kike, nzuri, ya mjini: "Gati toka kwenye kiti changu."

Jikoni mwiko ulianguka. "Nani huyo mwanamke humo ndani?" Kezia alipiga kelele.

Gati alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mzee hakucheka. Alikuwa ameshaikwapua kibodi na kuibana kwapani, anaelekea zizini.

Jumamosi viti vilipangwa uani kwa Nyangwine. Watu waliamkiana, shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi. Mzee Simioni aliweka kibodi mapajani, simu ikawekwa kwenye stuli katikati. Alianza kwa Kikurya. Simu ikayasoma yale maneno kwa lafudhi ya ajabu, kama ofisa aliyehamishiwa Tarime jana, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee akakunja uso, akahamia Kiswahili.

"Kaka," Nyangwine alisema akijifuta machozi, "kwa kweli unazungumza kama mwanamke."

"Sikiliza maneno," sauti ilijibu.

Ryoba alisimama. "Tata, waambie mwenyewe. Nichimbe au nisichimbe?"

Mzee alichapa. Ilichukua muda. Watu walianza kunong'ona, mmoja akamuuliza jirani yake habari za mvua katika kijiji cha Itiryo. Nyangwine akaona amsaidie: "Nadhani kaka anachotaka kusema ni kwamba..."

"Sijamaliza," sauti ilisema.

Gati alikaa nyuma ya baba yake, akingoja lile neno "hapana".

"Gati amewaambia ninakataa. Sijawahi kuchapa neno hilo. Ryoba amewaambia ninakubali. Hilo nalo sijawahi."

Gati alihisi uso ukimchoma. Aliangalia chini.

"Mnagombania shamba. Hakuna aliyeniuliza mimi ninataka kukaa wapi. Ninataka kwenda Itiryo kwa dada yangu, na ng'ombe wangu. Hapa hakuna malisho, na usingizi sipati. Kaburi la mama lijengewe ukuta kwanza. Pakibaki sehemu, Ryoba achimbe akitaka. Ni mtu mzima."

"Tata!" Gati alisimama. "Na shimo likimfukia?"

Mzee aligeuka kwa shida akamtazama. Kisha akarudi kwenye vibonye.

"Nitalia. Lakini sitamfunga kamba."

Gati aliondoka kikaoni kabla ya chakula. Alitembea mpaka kwenye shamba la chini, akalizunguka, akaenda mpaka barabarani, akarudi. Hasira ilimtoka na kumrudia. Amekesha na kazi ile akilini wiki nzima, amevunja pawabenki yake, na neno la kwanza la maana baba yake kulitoa limempiga yeye, mbele ya ukoo mzima.

Nyumbani alimkuta amekaa barazani, kibodi mapajani.

"Kwa nini hukuniambia, tata? Kila siku tulikuwa wote pale sebuleni."

Baba yake alichapa, simu ikasoma: "Hukuuliza. Ulikuwa unajibu." Kisha ikaongeza: "Kazi yako ni nzuri. Kibonye cha M kinagoma."

Gati alichukua bisibisi.

Mzee na mkewe wakahamia Itiryo baada ya mavuno. Kezia hakupenda, alilalamika njia nzima, na hata sasa anasema maji ya kule hayatoi povu kwa sabuni. Mzee yeye anazunguka na ng'ombe, kibodi imefungwa mgongoni kwa kanga, ile simu ya Gati mfukoni, na habari zinazofika ni kwamba ameshagombana na majirani wawili kwa ile sauti ya kike.

Ukuta wa kaburi Ryoba aliujenga mwenyewe, kabla ya kugusa jembe. Tangu aanze kuchimba, Gati hana utulivu. Akisikia watu wanakimbia pale senta, anatoka kibandani kuuliza kuna nini. Kwa miezi kadhaa kaka na dada walisalimiana kwa mbali tu.

Kisha mchana mmoja Ryoba alisimama mbele ya kibanda, matope mpaka magotini, akaweka mezani simu iliyopasuka kioo. Gati aliigeuza, akaichunguza, akaiweka chini.

"Mmefika wapi na shimo?" aliuliza.

Ryoba alimtazama, kama asiyeamini kwamba ameulizwa. "Mbali kidogo. Tumeweka magogo kuta zote. Sijui kama utayaona yanatosha."

"Nionyeshe."

Akafunga kibanda, akamfuata.