Rafiki wa Saa Tisa

Mwoka mikate alianza kazi wengine wakiwa wamelala, kwa hiyo usingizi wake ulikuwa wa mchana. Mkewe alirudi kutoka kazini jioni, na binti yao wa miaka kumi na mitano alizoea kuishi kimyakimya.

Ndipo akaja Kicheko. Jina lake hasa baba mtu hakuwahi kulishika. Shuleni walimwita hivyo kwa sababu akicheka, hata kuku wa jirani hunyamaza wamsikilize. Kila siku saa tisa aliingia na binti chumbani, wakafunga mlango, wakaanza.

Mwoka mikate akaweka masharti. Mlango uachwe wazi. Sauti zishuke. Mwisho wa wageni saa kumi na moja.

"Nyumba isiyo na masharti ni soko," alisema, na mkewe akamuunga mkono.

Wasichana walitii siku mbili tatu, kisha vicheko vikarudi palepale. Na saa kumi na moja ikifika, Kicheko haondoki. Atatafuta viatu vilivyo mbele yake, ataomba maji, atauliza kama kuna vyombo vya kuosha.

Jumatano moja tanuri liliharibika kazini, mwoka mikate akachelewa kurudi, hoi bin taabani. Ndiyo kwanza anaupata usingizi, kicheko kikapenya ukutani. Akatoka.

"Wewe binti, kwenu hakuna pa kuchekea?"

Kicheko akasimama. "Samahani, baba." Siku hiyo viatu alivipata mara moja.

"Baba, hujui kwamba—" binti alianza.

"Sitaki kujua. Nataka kulala."

Akalala fofofo.

Kicheko hakuja tena. Nyumba ikatulia, na mwanzoni baba alijipongeza, ingawa binti sasa alimjibu "ndiyo, baba", "hapana, baba", basi. Wiki ya tatu baba alimkuta jikoni akichemsha chai.

"Mama yake Kicheko amefariki," binti alisema bila kumtazama.

"Alikuwa anaumwa?"

"Tangu mwaka jana. Kwao watu wananong'ona tu, baba. Mchana shangazi yake alimuuguza, saa kumi na mbili ilianza zamu ya Kicheko: amgeuze, amlishe, amsafishe. Alikuwa anakuja kwetu kucheka kwanza."

Chai ilifurika ikamwagika jikoni. Hakuna aliyeigusa.

"Mbona hukuniambia, mama?" Ndivyo alivyozoea kumwita binti yake.

"Nilianza kukuambia."

Kesho yake mchana baba hakulala. Alipeleka msibani vikapu viwili vya mikate. Kicheko alikuwa mlangoni akipokea vitu vya watu, amekonda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Siku ile nilikukosea. Njoo nyumbani wakati wowote, hata kama nimelala."

"Asante, baba. Kelele zilizidi kweli." Akavipokea vikapu kwa mikono miwili. "Ila Jumamosi nahamia kwa mjomba. Ni mbali."

Baba akasogea pembeni. Nyuma yake watu walisubiri kupita.

Jumamosi baba aliomba kwenda kumsindikiza Kicheko, binti akakataa kwa upole, akaenda peke yake. Aliporudi, baba alikuwa sebuleni, macho, mchana ule.

"Alilia?"

"Hapana. Alisinzia hata kabla basi halijaondoka." Akaketi mwisho wa kochi, mbali naye. "Sijakusamehe bado, baba."

"Najua, mama."

Binti hakuondoka. Walikaa hivyo, kila mtu upande wake, mpaka mkewe alipoingia na kuuliza kwa nini wamekaa gizani.