Thongsy Bado Yuko Lindoni
Hotuba ya mgeni rasmi ni ndefu, ukumbi una joto, nje theluji inaanguka juu ya mji huu wa ugenini, Marekani, ambao nimeuzeekea, na mimi Bouavanh nimeketi safu ya mbele nikisubiri kuitwa jukwaani kupokea nishani ya marehemu mume wangu, askari Thongsy. Mama, usisinzie, ananinong'oneza binti yangu Manivone. Sisinzii, namwambia, nafumba macho tu, na nikiyafumba sakafu inakuwa barabara, barabara nyekundu ya kwetu Laos, inapanda na kushuka na kupanda tena, nami naikimbilia na viatu vyangu vya sherehe, nishani imo mkononi ingawa bado sijapewa, na haraka hii siijui imetoka wapi. Natokea kwenye mji ulio ukingoni mwa Mto Mekong, na ndani ya maji kuna mji mwingine umesimama kichwa chini, na ule wa majini ndio unaofuka moshi jikoni, ndio wenye harufu ya wali wa kunata. Njiani amesimama mtu asiye na uso, mahali pa macho na mdomo pako laini kama yai. Ndugu yangu, namsihi, nielekeze alipo mume wangu. Anajibu, Yuko pale alipoachwa, ila waliomwacha ndio waliopotea. Kina nani hao? Waliosema wanarudi. Anageuka, na nyuma yake ni sawa na mbele, sijui ananiongoza au ananifuata. Natembea, na mji unanigeukia, mara ni kambi ya wakimbizi kule Thailand nilikomzaa Manivone, mara ni kiwanda cha huku cha kuchinja kuku kilichonimaliza viganja, mara ni mto tena, hadi barabara yenyewe inachoka na kuwa mlima.

Juu ya mlima ndipo alipo Thongsy. Ni kijana vilevile, magwanda yanampwaya, redio ya mawasiliano iko begani, macho yako angani. Hanitambui. Bibi, lala chini, ananiambia, ndege zinakuja. Ndege zipi? Za Wamarekani, walisema tukilinde kilima hiki mpaka warudi kutuchukua. Thongsy, namwambia, ni mimi, Bouavanh, vita vilikwisha, mtoto uliyeniachia tumboni sasa ana mvi. Ananichunguza uso mzima, hadi ananitambua. Vilikwisha? Mbona hakuna aliyeniita kwenye redio? Vita vyenu vilikuwa vya siri, nasema, Wamarekani walipoondoka waliondoka na siri yao, na sisi tulipofika kwao majirani walituuliza tumefuata nini, hatukuwa na lugha ya kuwajibu. Leo ndipo wanakiri hadharani kwamba mlipigana nao. Namnyooshea nishani. Haigusi. Na Khamla? anauliza. Khamla, rafiki yake, aliyembeba mgongoni rubani wa Kimarekani aliyejeruhiwa mpaka naye akapigwa risasi, hakuacha mke wala mtoto. Hana wa kumpokelea, nasema. Mpokelee wewe, anasema, mimi ninaye wa kunisemea. Litaje jina lake, ulitaje kwa Kilao, kama mama yake alivyoliita. Nitalitaja, lakini twende nyumbani. Nimeruhusiwa? Natazama huku na huku, wenye amri hawapo, basi amri naitoa mimi. Askari Thongsy, lindo limekwisha. Shuka. Anaivua redio begani taratibu, na mlima wote unavuma kwa makofi.

Mama, wanakuita! Manivone ananishika kiwiko. Najikuta jukwaani, mgeni rasmi analitamka vibaya jina la mume wangu, namsahihisha, analirudia mpaka linakaa sawa, ananibandika nishani kifuani. Nakishika kipaza sauti. Khamla, nasema kwa lugha yetu, Khamla aliyembeba mtu asiyemjua mpaka akaanguka. Huko nyuma wazee wa Kilao wanasimama, mmoja mmoja, wengine kwa mikongojo. Narudi kitini. Mlango wa ukumbi unafunguka, baridi inaingia, na nyuma ya wazee kijana mmoja mwenye magwanda yanayompwaya anajipangusa theluji, anaangaza macho kama anayetafuta pa kukaa. Toa mkoba wako kitini, namwambia Manivone. Kwa ajili ya nani, Mama? Wewe toa tu.