Mgonjwa Aliyeagwa Mapema

Wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Katika familia hii wengi walikuwa wameshachukua kila kitu, pamoja na uamuzi kwamba mama yao anakufa.

Uamuzi ulipitishwa sebuleni kwa kauli moja. Mgonjwa alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, na hakuna aliyeona haja ya kumuuliza maoni yake. Kaka Mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliongoza kikao kama alivyoongoza kila jambo tangu utotoni, yaani alisema wa kwanza akasema na wa mwisho. Shangazi alikuwa ameuguza na kuzika watu wengi, na aliwasimulia kwa fahari ileile ambayo wengine huwasimulia watoto wao waliofaulu. Yeye alisema dalili anazijua.

"Miguu imepoa. Macho hayafunguki vizuri. Chakula hataki. Wanangu, huo ndio mlango."

Mjomba alitikisa kichwa kwa huzuni. Alikuwa ameshaanza kuandika wasifu wa marehemu, na ulikuwa unamwendea vizuri mno, kiasi kwamba ingekuwa hasara kubwa mgonjwa akichelewa. Dada wa katikati, aliyekuwa akiuza unga wa virutubisho na kwa sababu hiyo akaitwa Daktari, na kwa sababu hiyo akaanza kuamini kwamba ni daktari, alisema cha muhimu sasa ni mama apumzike, asisumbuliwe.

Kitinda hakuulizwa kitu. Ndiye aliyezaliwa wa mwisho, na katika familia ile wa mwisho kuzaliwa alikuwa pia wa mwisho kusikilizwa. Alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa na viti viwili na kioo chenye ufa, ikipakana na fundi viatu ambaye nyundo yake iliwafanya wateja wote waumwe kichwa bure. Siku ile alikuwa amekuja na kitana chake, maana Shangazi alikuwa ameagiza mama asukwe. "Asije akatuondokea kichwa kimetimka, watu wakasema hakuwa na watoto wa kike."

Basi Kitinda akapanda kitandani, akaketi nyuma ya mama yake, akamwegemeza kifuani. Mama alikuwa mzito na mlegevu kama godoro lililonyeshewa. Wiki kadhaa sasa alikuwa hivyo: akiamshwa ananung'unika, akiachwa anazama tena. Kitinda akagawa nywele, akaanza kusuka taratibu. Alipofika karibu na sikio akakaza kidogo.

"Unanivuta kama unang'oa kisiki," mama akasema, macho yamefungwa, ulimi mzito.

Kitinda akaganda. "Mama?"

"Na hiyo njia umeipinda."

Akainama akaangalia. Kweli, njia ilikuwa imepinda. Alipoinua kichwa, mama alikuwa ameshalala tena, mdomo wazi, anakoroma.

Hapo ndipo jambo lilipomwingia moyoni, na halikutoka tena: huyu mtu haendi popote. Hakuwa na ushahidi wowote. Hakujua mama ana nini. Alijua tu, kama unavyojua kwamba kuna mtu amesimama nyuma yako kabla hujageuka.

Akarudi sebuleni akawaambia.

"Masikini," akasema Daktari, akimpapasa bega. "Hiyo inaitwa nguvu ya mwisho. Taa ikitaka kuzimika huwaka sana."

"Jana alikunywa supu nusu bakuli," Kitinda akasema.

"Anaaga chakula," akasema Shangazi.

"Juzi aliikataa."

"Mwili umeshakataa," akasema Mjomba.

"Kwa hiyo afanye nini ndiyo mtaamini kwamba yu hai?"

Swali hilo halikuwa kwenye ajenda. Wifi, mke wa Kaka Mkubwa, ambaye alimpenda Kitinda kama jino linavyopenda kokoto, akasema kwa upole, "Si kosa lako, wifi. Wa mwisho hunyonya sana. Kuachishwa kunakuwa kugumu."

"Tumrudishe hospitali," Kitinda akasema.

Kaka Mkubwa akakohoa kikohozi chake cha kufunga kikao. "Hospitali alishapelekwa." Ni kweli. Alipelekwa mara moja, presha ilipopanda, akapewa vidonge, akaambiwa arudi kuangaliwa. Hakurudishwa kwa sababu alikuwa mgonjwa. "Watu wazima wote humu ndani wameona kitu kimoja. Wewe peke yako umeona kingine. Sasa niambie, nani mwenye matatizo ya macho?"

Hesabu ilikuwa nyepesi, na Kitinda akaikubali. Akaomba radhi. Hata akaanza kujishuku, maana ni vigumu kuwa na akili timamu peke yako katika nyumba iliyojaa ndugu. Kesho yake alipoambiwa aende kupimwa gauni jeusi, akaenda.

Fundi cherehani alimzungushia futi kiunoni, pini zimejaa mdomoni. "Mazishi lini?"

"Bado hajafa."

Fundi hakushangaa. Kazi yake ilimfundisha kutoshangaa. "Basi nikuachie nafasi kidogo hapa kiunoni. Msiba ukichelewa, watu hunenepa."

Kitinda akajitazama kwenye kioo, kitambaa cheusi kimeshikizwa kifuani kwa pini. Nyumbani, mama yake alikuwa anapumua. Hapa, binti yake alikuwa anapimwa urefu wa huzuni. Akaanza kuchomoa pini moja moja, akaziweka mezani.

"Vipi tena?" fundi akauliza.

"Rangi hainikai," Kitinda akasema, akatoka.

Alimpigia simu mume wa mteja wake mmoja, mwenye teksi, akamwomba waonane nyumbani kwa mama. Bahati ilikuwa upande wake: ukoo mzima ulikuwa umekwenda kuchagua mahema na viti, maana walisikia kwamba vizuri huwahiwa. Nyumbani alibaki Wifi tu, akimwangalia mgonjwa kwa jicho moja na tamthilia kwa macho mengine yote.

"Unampeleka wapi?"

"Hospitali."

"Nani kaamua?"

"Mimi."

Wifi akacheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Akasimama mlangoni akapanua mikono. "Akikufia njiani, dhambi ni yako. Mimi simo!"

"Kama humo, pisha."

Kitinda akakumba kila kilichokuwa kwenye stuli ya kitandani, vidonge, chupa, makopo, miwani, akavitia kwenye mfuko wa saluni. Dereva akamshika mama miguu, yeye akamshika mabegani. Wifi alikuwa ameshaingia simuni, anatangaza utekaji nyara.

Ndani ya gari ujasiri ukamwisha wote. Kichwa cha mama kilikuwa mapajani mwake, chepesi kuliko alivyokikumbuka. Simu yake ililia bila kupumzika: Kaka, Daktari, Shangazi, kisha Kaka tena. Akaizima. Na kama wote ndio wenye haki? Kama nimemtoa kitandani kwake nikamuulie barabarani kwa sababu ya njia iliyopinda? Alikuwa anatetemeka. Dereva akamwona kwenye kioo.

"Tugeuze, dada?"

Alitaka kusema ndiyo. Mdomo ulishafunguka. "Hapana," akasikia sauti yake ikisema. "Kanyaga mafuta."

Daktari wa zamu, daktari mwenye cheti safari hii, alikuwa mwanamke mwenye macho ya uchovu na kalamu nyuma ya sikio. Alipima, akamulika macho ya mgonjwa kwa tochi, akauliza, "Anatumia dawa gani?"

"Sijui," Kitinda akasema kwa aibu, akamwaga mfuko mezani. Vitana viwili vilianguka kwanza, kisha duka zima la dawa.

Daktari akavisogeza vitana pembeni. Akashika pakiti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Uso wake ukabadilika. "Hivi vya usingizi nani anampa?"

"Dada yangu. Ili apumzike."

"Na hii dawa ya kikohozi inayolewesha?"

"Shangazi. Labda."

"Vya presha je?"

Kitinda akafikiri. Kaka alimpa mama kidonge kila asubuhi kabla ya kwenda dukani. Wifi alimpa tena, kwa kuwa Kaka ni msahaulifu. Mjomba naye alimpa, kwa kuwa hamwamini Wifi. Alipokuwa akieleza, sauti yake ikazidi kupungua.

Daktari akaketi. "Dada, acha nikwambie. Huyu mama hakuwa anakufa kwa maradhi. Huyu mama amelewa, na presha yake mmeishusha mpaka imefika chini ya kitanda. Mnampenda sana. Mngeongeza mapenzi kidogo tu, mngemzika."

Kitinda alikaa kwenye benchi la korido akalia, si kwa furaha, bali kwa hofu iliyochelewa kufika.

Ukoo uliwasili ukiwa umejaa pumzi na hukumu. Kaka Mkubwa alitangaza toka mlangoni kwamba kuna mtu atajibu kwa haya. Daktari wa zamu akamwambia kwamba ni kweli, akamwomba aketi, akaanza kumuuliza yeye maswali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kitinda kumwona kaka yake akikosa neno la mwisho. Daktari wa virutubisho aligundua ghafla kwamba amesahau kitu kwenye gari, ingawa walikuja kwa miguu.

Mama alilazwa, dawa zikapunguzwa, na siku baada ya siku akapanda juu kama mtu anayetoka kisimani. Kwanza alifungua macho. Kisha akaomba chai. Kisha akaomba chai nyingine, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa maji ya moto yenye uvumi wa majani. Alipoanza kugombana na mwenzake wa kitanda cha jirani kuhusu dirisha, manesi wakajua amepona.

Mjomba ndiye aliyepata shida kuzoea. Mama alipata habari za wasifu, akaamuru usomwe. Mjomba akausoma, amesimama kando ya kitanda.

"'Alikuwa mwanamke mpole, mnyenyekevu, asiyejua ugomvi…'"

"Simama hapo," mama akasema. "Huyo ni nani?"

Shangazi alisema kilichomponya ni sala. Kaka Mkubwa alisema familia ilifanya uamuzi wa kumrudisha hospitali kwa wakati muafaka. Familia! Kitinda aliyasikia hayo akiwa anammenyea mama chungwa, akaendelea kumenya.

Watu walipoondoka, mama akamtazama. "Ulijuaje?"

"Sikujua, mama."

"Basi kwa nini ulinibeba?"

Kitinda akampa kipande cha chungwa. "Walikubaliana upesi mno. Na mimi nilikuwa nimekushika. Wao walikuwa wamekushika?"

Mama akala chungwa. "Ungekosea, ningekufa kweli."

"Najua. Hilo linanitetemesha mpaka sasa."

"Vizuri," mama akasema. "Litetemekee. Ila usiache kubeba."

Mambo yangeishia hapo, lakini familia ile haikuweza kukaa muda mrefu bila kuamini kitu kwa pamoja. Baada ya mama kurudi nyumbani, kikao kilikaa, na bila Kitinda kuwepo kikapitisha kwa kauli moja kwamba ana kipawa. Daktari akaja saluni kuuliza kama unga wake mpya utauzika. Wifi akaja kwa siri, akitaka kujua Kaka hukaa wapi akichelewa. Mwisho akaja Kaka Mkubwa mwenyewe, akajibana kwenye kiti cha pili, magoti yakigusa kioo, fundi viatu akigonga upande wa pili wa ukuta.

"Nataka kufungua duka jingine," akasema. "Moyo wako unasemaje?"

"Hausemi kitu, kaka."

"Sikiliza vizuri."

"Nimesikiliza. Duka ni lako. Wako unasemaje?"

Kaka Mkubwa akajitazama kwenye kioo. Ilionekana wazi kwamba hajawahi kuuliza huko, na hakujua mlango uko upande gani. Akanyanyuka amenuna, na kabla ya jioni ukoo mzima ulikuwa umekubaliana kwamba Kitinda ameanza maringo.

Yeye alimrudia mteja aliyekuwa akimsubiri kwenye kiti cha kwanza, akamwinamisha kichwa, akashika kitana.