Sanda Iliyopanda Ndege

"Na mama wa watu akifa huko, atazikwa na nani?"

Bi Mahira, jirani wa mlango kwa mlango huko Kuze, Mombasa, alimwuliza Mwanatumu swali hilo siku moja wakichambua mchele barazani, wala hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amesikia tu kwamba Mwanatumu ataandamana na yule bibi wa Kihindi, Mwislamu wa Kibohora, anayemtunza kule Kizingo, waende Kanada kwa bintiye, na bibi mwenyewe umri umeshamwendea. Mwanatumu akamjibu kwamba mauti yako popote na ardhi yote ni ya Mwenyezi Mungu, akaendelea kutoa chuya. Lakini neno lile lilimwingia, na halikutoka.

Lingetokaje, naye alikuwa na jambo moyoni ambalo Bi Mahira hakulijua, na ambalo hata mwenye safari yake hakulijua? Bi Sugrabai, au Bai kama walivyozoea kumwita wote nyumbani, aliambiwa anakwenda wiki tatu kumwona bintiye Hussaina na wajukuu. Kweli ni kwamba alikuwa harudi. Nyumba ya Kizingo ilikuwa imeshauzwa, na aliyeinunua alitaka kuibomoa ajenge maghorofa. Atakayerudi Mombasa baada ya hizo wiki tatu ni Mwanatumu peke yake.

Taizoon, mtoto wa kiume wa Bai, mwenye maghala kule Shimanzi, ndiye aliyemweleza haya jikoni, mlango ameurudisha. Hakuwa mtu mbaya. Mamake alikuwa ameshaanguka bafuni zaidi ya mara moja, na yeye mwenyewe alikuwa ahamia huko huko Kanada kwa nduguye; angemwachia nani? Akiambiwa, alisema, atashika nguzo ya kitanda asitoke. Kwa hivyo alimtaka Mwanatumu aape kwamba hatatamka kitu mpaka wafike. Akikataa, atatafuta nesi wa kukodi.

Mwanatumu alimfikiria Bai, ambaye hata Hussaina hakuwahi kumruhusu amwogeshe, akivuliwa nguo na mkono asioujua. Akasema Wallahi. Lilimtoka kabla maji ya chai hayajachemka, na tangu siku hiyo akawa kama mtu aliyejifungia mlango kwa ndani na ufunguo ameutupa.

Sasa kulikuwa na habari ya sanda. Bai alikuwa na sanda yake kabatini. Walizileta mbili kutoka Makka, yeye na marehemu mumewe Kasam, walipokwenda kuhiji, wakaziosha kwa maji ya Zamzam. Ya Kasam ilishatumika. Ya Bai ilibaki, imekunjwa ndani ya kitambaa cha kijani pamoja na vipande vya karafumaiti. Kila Alhamisi walikwenda makaburini kumzuru Kasam, ambaye ubavuni mwake pameachwa nafasi ya mtu mmoja, na wakirudi Bai huifungua ile sanda, akaipapasa, akaifunga tena. Siku ya kutia nguo masandukuni alisema wazi, "Hiyo iache papo hapo. Naenda kutembea, siendi kufa."

Mwanatumu akaiacha. Lakini gari lilipokuwa limeshawaka langoni, na Bai yuko ndani yake, alirudi mbio kuhakikisha madirisha, akalipita lile kabati. Akawaona kwa fikra watu wasiojulikana wakilikokota nje, wakifungua milango yake, na mmoja wao akiuliza hii shuka nyeupe ni ya nini. Swali la Bi Mahira likamrudia. Akaichukua sanda, akaitia chini kabisa ya mkoba wa Bai wa mkononi, juu yake akaweka shali ya sufi. Hakuwa na nafasi ya kufikiri kwamba shali ni kitu cha kutakiwa.

Taizoon alikata tiketi za viti vya mbele, vile vya daraja la biashara, ili mamake asafiri kwa raha. Na kweli zilikuwa raha za kuonea haya. Kila kiti kilikuwa na mto wake, blanketi lake, televisheni yake, na vitufe vingi pembeni kama vifungo vya joho. Viti vilikwenda viwili viwili. Mwanatumu aliwekwa dirishani, Bai karibu na njia, na Taizoon ng'ambo ya njia, ambapo akigeuza shingo anawaona wote wawili. Mhudumu, msichana mrefu mwenye sauti ya upole, aliwaletea vitaulo vya moto vilivyokunjwa, kisha akaja na sinia la glasi. Bai alinusa moja, akairudisha.

"Mwanatumu, huyu ataka tufukuzwe peponi na hata mawinguni hatujafika."

Mwanatumu alicheka kwa midomo. Macho yake yalikuwa kwenye ule mkoba. Alikuwa amemwashiria msichana auweke katika kabati la juu, na alipousikia mlango wa kabati ukilia ta! akashukuru. Ndege ikatoka Mombasa, taa za mji zikabaki chini, kisha hazikuwapo.

Chakula kilikuja juu ya kitambaa cheupe, na uma wa chuma, na kuku aliyepangwa kama ua. Bai alikula vizuri. Mwanatumu alimega kipande cha mkate, kilichobaki akakifunika kwa kitambaa. Na Bai, tumbo likishashiba, akaanza kuzungumza mambo ya nyumbani. Alisema wamesahau kumwambia Katana bawabu aunyweshee maji mwasumini wa dirishani asubuhi na jioni. Mwanatumu akasema inshallah ataunyweshea, ilhali Katana alishalipwa haki yake na kwenda zake kwao Kaloleni. Alisema wakirudi itakuwa karibu na siku ya kufa kwake Kasam, watapika nini wapeleke msikitini? Mwanatumu akasema inshallah wataona. Kila inshallah ilimwuma ulimi. Jina la Mungu limewekwa la kutarajia heri, naye alikuwa akilifanya pazia.

Taizoon alisikia mazungumzo hayo, akamtupia Mwanatumu jicho, kisha akavaa kile kitambaa cha kuzibia macho akajilaza.

Taa zikazimwa. Msichana alibonyeza kitufe, kiti cha Bai kikajinyoosha kikawa kitanda, na kitanda hicho kikamzibia Mwanatumu njia yote. Kutoka kwake sasa ni mpaka amruke Bai. Naye alipojaribu kuweka kiti chake sawa akabonyeza kitufe kisicho chake, kikamlaza chali, na kila alipobonyeza kwingine ndivyo miguu ilivyozidi kupanda. Akaacha. Akabaki amelala hivyo hivyo, mkanda tumboni, ukuta kushotoni, Bai kuliani, paa usoni, kama maiti anayengoja kuoshwa. Alitaka kulia akaona hata kulia hapana mahali pa kulilia. Akavuta tasbihi kidole kwa kidole.

Baadaye baridi ikaingia.

"Mwanatumu. Shali yangu."

Akamwambia achukue blanketi lake, la pili hilo. Bai akasema blanketi la ndege laruka ruka, halina uzito. Akampa leso yake mwenyewe aliyojitanda mabegani. Bai akaishika, akairudisha.

"Leso yako yanuka vitunguu vya kwangu. Nataka shali. Iko mkobani, uliitia mwenyewe."

"Bai, mkoba uko juu, nami siwezi kutoka. Ngoja kuche."

"Kuche nife kwa baridi?" Akacheka. "Mwana wa watu, kumbe nawe ushazeeka."

Akabonyeza kitufe cha kumwita msichana. Mwanatumu alimwona akija, akauona mkono wake mrefu ukifungua kabati, akauona mkoba ukishuka, na hakuwa na la kufanya. Angesema nini, na kwa lugha gani, kumwambia asiutoe? Bai aliuweka mkoba pajani, akaivuta shali, akajifunika mpaka kidevuni.

Akatulia. Kisha akaivuta shali puani.

"Yanuka karafumaiti."

Bai akatia mkono mkobani tena, pole pole, kama mtu anayetafuta kitu gizani huku anaomba asikipate. Kile kitambaa cha kijani kikatokea. Hakukifungua. Alikiweka juu ya shali akakifumbata kwa mikono miwili, na harufu ile ya kuoshea wafu ikaenea katika viti vya raha.

Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo, ya kutowaamsha watu.

"Nilikwambia uiache."

"Uliniambia."

"Nawe huvunji neno langu. Miaka yote hii hujavunja neno langu. Sasa niambie. Nimeuzwa mimi, au nyumba?"

Mwanatumu alifumba macho. Alijua angeweza kunyamaza, na kunyamaza kwake kungekuwa jawabu, na kiapo kikabaki kizima kwa hesabu za wanadamu. Lakini alimwogopa Mungu kuliko kumfanyia ujanja. Darsani walifundishwa kwamba mwenye kuapa, kisha akaona heri iko upande wa pili, na aitende ile heri, na kiapo akitolee kafara: alishe maskini kumi, na asiye na uwezo afunge siku tatu. Alikuwa amelikumbuka somo hilo tangu jikoni. Alilolikosa ni ujasiri, na ujasiri ulikuja sasa, hali amelala chali amefungwa mkanda, hana pa kukimbilia.

"Niliapa nisikwambie, Bai. Ntafunga siku zangu tatu. Nyumba imeuzwa. Mimi narudi, wewe hurudi."

Akamweleza yote, jikoni, na Katana, na yule wa maghorofa. Hakumpaka Taizoon matope. Alisema pia habari ya kuanguka bafuni na jinsi mtoto alivyokuwa halali kwa wasiwasi. Bai alisikiliza bila kumkatiza. Ng'ambo ya njia Taizoon alikuwa amelala mdomo wazi kama mtoto, soksi za ndege miguuni.

"Tumwamshe?" Mwanatumu aliuliza.

"Mwache alale. Akiamshwa huwa na ghadhabu, tangu mdogo." Bai alikipapasa kile kitambaa. "Kwa nini uliitia?"

"Nilichelea wageni wasije wakaishika."

Bai akatikisa kichwa, mara moja, kama anayepokea salamu. Mwanatumu alidhani amelala, kumbe alikuwa anafikiri.

"Hii ndege yashuka wapi?"

"Uturuki. Hapo twabadilisha, tupande nyingine."

"Na kutoka hapo, ziko za kurudi kwetu?"

"Si ndiyo hii hii irudiyo, Bai. Lakini nyumba haipo."

"Nyumba haipo. Kaburi langu je, hilo nalo ameliuza?"

"Hajaliuza."

"Kwako Kuze ngazi ni ngapi?"

"Ni nyingi, na nyembamba. Na chumba ni kimoja."

"Ntapanda kwa makalio," alisema Bai, na Mwanatumu kwa mara ya kwanza usiku ule akacheka kicheko cha kweli, huku machozi yanamwingia masikioni kwa vile alivyolala.

Bai mwenyewe ndiye aliyemwita tena msichana, akamwonyesha kwa mkono Mwanatumu alivyokwama, na msichana kwa kitufe kimoja tu akamwinua. Wakatia udhu kwa chupa ya maji na kile kitaulo. Wakasali alfajiri wamekaa, kila mmoja kwa mila ya madhehebu yake, wakiuelekea upande ambao hawakuwa na hakika nao.

Kulipopambazuka ndege ikatua. Taizoon alivua kile kitambaa cha macho, akamtazama mamake, akakuta amekwisha kujitayarisha, rida yake ya zambarau, lile vazi la Kibohora, imenyooka, na kifurushi cha kijani kiko kwapani. Akamgeukia Mwanatumu.

"Uliapa."

"Niliapa, bwana. Kafara ni juu yangu."

Mlango wa ndege ulikuwa umefunguliwa na baridi ya nje inaingia. Watu wa nyuma walianza kujipanga njiani. Msichana akaja kusema kwamba kiti cha magurudumu cha mama kipo karibu, asubiri kidogo. Bai alishika mgongo wa kiti, akasimama. Akanyoosha kiganja mbele ya mwanawe.

"Paspoti yangu. Na ya Mwanatumu."

Taizoon alisema taratibu, Ma, kaa kwanza, tutazungumza tukifika, Hussaina ametayarisha chumba, kina jua. Kiganja kilibaki palepale. Akasema huko Mombasa hakuna aliyebaki, hakuna hata kitanda. Kiganja hakikushuka. Watu waliokuwa nyuma walikuwa wanatazama, na mmoja alikohoa. Mwishowe mtoto alitia mkono mfukoni mwa koti, akatoa paspoti mbili, akaziweka mle kiganjani, na mkono wake ukabaki juu ya ule wa mamake kidogo.

"Kasam hanisubiri Kanada," Bai alimwambia.

Akamnyooshea ukosi wa shati, uliokuwa umekunjika kwa usingizi, vile alivyokuwa akimnyooshea akienda shule. Kisha akageuka, akiegemea kiti hiki na kile, kifurushi kwapani, akampita msichana, akakipita na kile kiti cha magurudumu kilichokuwa kimeletwa mlangoni, akatoka.